"Hapa pako wazi tu": dhana potofu kuhusu misitu, mabonde na ardhi ya Dar es Salaam

Madalali wa viwanja Dar es Salaam wana maneno ambayo hayakosi mteja: "Hapa pako wazi tu, serikali haijapangia kitu." Dhana nyingi tulizonazo kuhusu misitu na matumizi ya ardhi zimezaliwa humo, kwamba pasipojengwa hapana kazi.

Tuanze na Bonde la Msimbazi, maana huko ndiko dhana hii imewagharimu watu zaidi. Ukiuliza kwa nini Jangwani panafurika, utaambiwa mitaro imeziba. Taka zipo, mchanga upo, na kweli vinazidisha tatizo. Ila Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander, na njiani unapokea maji ya mvua ya sehemu kubwa ya mji. Jangwani, lile eneo tambarare kati ya Magomeni na Kariakoo, ndipo mto unapojitandaza ukijaa. Wataalamu huliita tambarare ya mafuriko. Ni sehemu ya mto, isipokuwa mto huitumia kwa msimu. Unaweza kuzibua mitaro yote na masika makali bado yatapita hapo.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa mabondeni, kisha tingatinga. Sasa kuna Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Baadhi ya watu huusimulia kama mradi wa kufuta mafuriko. Kazi zake ni pamoja na kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi yaendayo haraka na kuliachia bonde sehemu yake liwe bustani ya mji inayoweza kulowa bila kuua mtu. Kwangu hilo ndilo la maana zaidi katika mpango wote: mtu amekubali kuandika kwenye mchoro kwamba maji nayo yana eneo lao.

Kuna wanaoamini kifusi ni dawa. Unamwaga lori kadhaa, kiwanja kinainuka, mvua ikija wewe uko juu. Ni kweli uko juu. Maji uliyoyanyima nafasi yamekwenda kwa jirani, na jirani naye akimwaga chake, yatatafuta wa tatu.

Kuhusu zile mita 60, zinaeleweka vibaya kwa pande mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari, ziwa au bwawa. Upande mmoja wanasema sheria hainihusu kwa kuwa hakuna bikoni wala kibao. Kutokuwepo kwa kibao hakubadilishi chochote. Upande wa pili wanaamini mita ya 61 ni salama. Mita 60 ni kiwango cha sheria, si kipimo cha mafuriko. Pale Jangwani bonde ni pana kuliko hapo mara kadhaa, na mito yetu ya mchanga inakula kingo zake na kuhama. Maji hayaji na futi kamba.

Tukishuka pwani tunakutana na mikoko, na hapa dhana zimejaa kweli kweli. Ya kwanza: mikoko iliyo mbele ya kiwanja changu ni yangu. Si yako. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali tangu enzi za ukoloni, na kuivuna kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukiwa na hati ya kiwanja cha Mbweni au Kunduchi, hati hiyo inaishia pale inapoishia.

Ya pili ni ya ujanja zaidi: "Sijakata hata mti mmoja." Inawezekana. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumulia vijiti vinavyochomoza juu ya tope, na ile aina inayoitwa mkoko hasa ina mizizi ya miguu mirefu yenye vinyweleo vya kuingiza hewa, kwa sababu tope la baharini halina hewa ya kutosha. Funika mizizi hiyo kwa kifusi, au ziba mkondo kwa ukuta ili maji yasipande na kushuka, halafu subiri. Miti inakauka yenyewe, bila panga kuguswa, na baada ya muda mwenye ukuta anasema: si mnaona hapa hakuna msitu?

Ya tatu inatoka kwa watu wazuri kabisa, wale wa kampeni za kupanda. Wanadhani kurudisha mikoko ni kuchomeka miche mingi kwenye tope siku ya Jumamosi na kupiga picha. Miche inayochomekwa huwa ya mkoko, kwa sababu mbegu yake huota ikiwa bado mtini, inaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, na kuichomeka ni rahisi. Lakini kila aina ya mikoko ina mahali pake kulingana na bahari inavyopanda na kushuka. Mlilana hukaa mbele, unapigwa na mawimbi. Mkoko na msinzi hufuata nyuma yake. Mkandaa na mchu huvumilia huko nyuma kwenye chumvi kali. Chomeka mkoko kwenye eneo la mlilana, nao utang'olewa. Mara nyingi kufungua mkondo ulioziba kunatosha, mbegu zinaletwa na maji zenyewe. Tatizo ni kwamba kufungua mkondo hakuna picha nzuri.

Kwenye makaratasi, mkanganyiko mkubwa ni kati ya kupimwa na kupangwa. Upimaji unasema kiwanja kinaanzia na kuishia wapi. Mchoro wa mipango miji ndio unaosema ni cha makazi, biashara, shule au eneo la wazi, na ndio hutangulia. Muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia kwamba mmeuziana, basi. Mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Kwa hiyo mchoro kauulize huko kabla hujatoa hela, hata kama dalali ni shemeji yako.

Wengine wakipita na basi kutoka Chalinze hutazama dirishani na kusema ni pori tupu. Kwa tafsiri inayotumika Tanzania, msitu ni eneo la angalau nusu hekta, lenye miti inayoweza kufika mita 3, ambayo matawi yake yanafunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Ndiyo maana tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu ilihesabu hekta milioni 48.1 Tanzania Bara, na sehemu kubwa ni misitu ya miti ya miombo, hiyo hiyo tunayoiita pori.

Na mkaa? Kila gunia linaloshushwa Dar linalaumiwa kwa kumaliza misitu. Lawama ni ya haki nusu tu. Miombo iliyokatwa huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi ikiachwa, na msitu hurudi. Hairudi pale ardhi inapogeuzwa shamba au viwanja baada ya mchoma mkaa kuondoka, na upanuzi wa mashamba ndio chanzo kikuu cha misitu kupotea nchini. Mchoma mkaa holela anaharibu, sibishi. Ila ukimfukuza yeye ukamwachia mwenye jembe na mwenye ramani ya mradi wa viwanja, msitu umekwenda vilevile.

Kuhusu Pugu, wengi wanadhani jina la Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi lina maana ya kutoingia. Kuingia ruhusa, kwa kiingilio cha TFS, na unaweza kutembea humo na watoto. Kukata miti, kuchoma mkaa na kulima ndivyo visivyoruhusiwa, na haijalishi nyumba yako ya Chanika iko karibu kiasi gani na mpaka.