Fuvu peke yake linaweza kutaja spishi mpya

Kijiweni kwetu Ujiji, mzee mmoja alishika kikombe cha kahawa akasema juu ya wanaotaja spishi za dinosaria: "Bila mifupa yote, hao wataalamu wanabuni tu." Wengi wanaamini hivyo. Sivyo.

Mpe mvuvi wa Kibirizi kichwa cha samaki aitwaye kuhe, hatakuambia ni mgebuka, hata mwili ukiwa umeshaliwa. Kwa ankilosauri, dinosaria wenye deraya ya mifupa, kichwa kinasema mengi zaidi. Fuvu lao limefunikwa vibamba vya mfupa, na mpangilio wake hutofautiana kati ya spishi na spishi. Ziapelta, ankilosauri wa New Mexico, Marekani, alipewa jina mwaka 2014, na fuvu ndilo lililombainisha: pembe nene za kisogoni zinazopinda kwenda chini, na juu ya pua kibamba kikubwa cha pembetatu, ilhali wenzake wengi wana cha pembe sita. Uzuri wa kazi hii, kwangu, uko hapo.

Tahadhari ipo, tena kubwa. Uzito wa miamba hupinda fuvu, na mnyama mchanga hafanani na mzee. Ndiyo maana alama moja haitoshi; hulinganishwa nyingi, fuvu kwa fuvu.