Utengamao si utangamano, wala si matengenezo

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja nimemsikia mtangazaji wa redio akizungumzia "utangamano wa wagonjwa wa moyo", na safari hii nimeona nisinyamaze. Neno lililokusudiwa ni utengamao. Utengamao wa moyo ni huduma anayopewa mtu aliyekwisha kutibiwa moyo, awe amepasuliwa kifua, amebadilishiwa valvu (kilango cha moyo), amezibuliwa mshipa na kuwekewa stenti (kijibomba cha kuuweka mshipa wazi) au ametibiwa kwa dawa pekee, ili kwa mazoezi yenye kipimo, mafunzo kuhusu dawa na chakula, na kuondolewa hofu, aweze tena kuishi na kufanya kazi zake. Maana yenyewe ndiyo hiyo, wala haina ugumu. Ugumu uko katika neno.

Utangamano unatokana na tangamana, yaani kuchanganyika na kuishi pamoja, na mahali pake ni kama pale Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako nchi wanachama zinautafuta kila mwaka. Utengamao unatokana na tengamaa, ambalo ni kutulia na kukaa sawa baada ya kuyumba. Tunasema hali ya mgonjwa imetengamaa, au nchi imetengamaa baada ya vita, na kila mwenye lugha anaelewa kwamba palikuwa na msukosuko, na kwamba utulivu huo haukuja kwa siku moja.

Hata hivyo, kosa la herufi lingevumilika kama lisingeandamana na kosa la maana, kwa maana wengi wanaolitamka neno hili kwa usahihi bado wanalielewa kama matengenezo. Tengeneza ni kitenzi cha fundi: kuna anayetenda na kuna kitu kinachotendwa, na kazi ikiisha kitu kinarudishwa kwa mwenyewe. Daktari wa upasuaji anaweza kabisa kutengeneza valvu, na hapo neno linafaa. Lakini tengamaa ni kitenzi cha hali, kinachokaa kundi moja na inama, kwama na tuama, na mwenye kutengamaa ni mgonjwa mwenyewe. Hakuna asemaye "nimetengamawa na daktari". Ndiyo sababu nahuzunika ninaposikia, "Moyo umeshatengenezwa, mwache akimbie," kana kwamba aliyetoka hospitali ni gari lililotoka gereji.

Upande wa pili wako wanaoshika ule utulivu uliomo ndani ya neno na kuugeuza kitanda: mgonjwa asiinuke, asifagie, asiende hata dukani. Kutengamaa si kutuama. Madaktari nao waliwahi kuamini hivyo, wakiwalaza watu wa mshtuko wa moyo kwa wiki nyingi, mpaka Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walipoandika mwaka 1952 juu ya kuwaketisha mapema kitini badala ya kuwaacha kitandani. Moyo ni msuli, na kulala muda mrefu kunaudhoofisha pamoja na miguu inayopaswa kuusaidia, mbali na hatari ya damu kuganda.

Mzee mmoja jirani yangu, aliyepasuliwa kifua, alinionyesha maana ya neno hili vizuri kuliko kamusi. Siku za mwanzo alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe na kurudi, mkononi ameshika kanga iliyokunjwa mara nne, na kikohozi kikimjia aliikandamiza kifuani ili mfupa uliokatwa usitikisike. Mfupa huo huhitaji kwa kawaida wiki 6 hadi 12 kuunga, na ndiyo maana ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa ni kilo 20 na zaidi, ilibaki kazi ya wajukuu hata baada ya yeye mwenyewe kujiona mzima. Binti yake alitembea naye akimsemesha kwa makusudi: baba akijibu sentensi nzima waliendelea, akikatikakatika walipunguza mwendo. Kipimo hicho cha maneno kinamfaa hasa anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kwa sababu kwake mapigo yanaweza kubaki machache hata pale mwili umeshachoka. Mwisho hawakusimama ghafla, maana damu hubaki miguuni na kichwa kikazunguka, walimalizia polepole. Na waliambiwa kwamba maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuishiwa pumzi au miguu kuanza kuvimba ni sababu ya kuacha na kurudi kwa daktari, si ya kujikaza.

Aliyewekewa stenti hana mfupa wa kusubiri, na mwenye valvu ya chuma anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ana jambo jingine la kuangalia, kwa kuwa mpira wa kugongana unaweza kumletea damu isiyokatika upesi. Kwa hiyo kila mmoja hupangiwa mazoezi yake baada ya kupimwa, wala ratiba ya jirani haiazimwi.

Basi, ndugu mtangazaji, badala ya a ya kwanza weka e, kisha ondoa ile n iliyo kabla ya o. Na mgeni wako studioni akisema kwamba mgonjwa ameshatengenezwa, muulize kwa upole kama ameshaanza kutengamaa.