Abadi: kijiji cha Kiajemi na hesabu ya watu wake

Ukisoma habari za kijiji kidogo cha Iran, mara nyingi utakuta mistari miwili tu: kiko katika dehestan (kata) fulani, na sensa ya 2006 ilikuta watu, tuseme, 38 katika kaya 11. Vingine vimeandikwa kwamba vipo, basi, bila idadi yoyote. Msomaji wa kwetu hushangaa: kijiji gani hicho cha watu 38? Hao si wanajaa kwenye daladala moja?

Jibu limo ndani ya neno abadi. Tusilichanganye na lile la "milele na abadi", ambalo ni Kiarabu na halina undugu nalo. Abadi ya Kiajemi ni mahali palipostawi, penye maji, miti na watu. Kinyume chake ni mahame. Ndiyo inayosikika mwishoni mwa Hoseynabad na Aliabad, majina yanayojirudia kila pembe ya Iran, na ilisafiri hadi Hyderabad ya India na Islamabad ya Pakistan.

Wairani wengi watakwambia limetokana na ab, yaani maji. Wanaisimu hulipeleka kwenye mzizi wenye maana ya kulinda. Hata hivyo, ukifika nyanda kame za Yazd au Khorasan utaona kwa nini watu wanashikilia maji. Huko kijiji kizima kiliweza kutegemea qanat moja: mfereji uliochimbwa chini ya ardhi, wenye mteremko mdogo sana, unaoleta maji kutoka mguuni mwa mlima bila pampu. Maji hayo hugawanywa kwa zamu, na zamu ni mali. Hurithiwa na kuuzwa. Mashamba hukomea maji yanapokomea, na kaya nazo haziwezi kuzidi kiasi hicho. Hapo udogo wa kijiji unaeleweka.

Serikali nayo ina abadi yake. Kwa watu wa takwimu, abadi ni eneo lolote nje ya mji lenye mipaka yake, iwe ya kisheria au ya kimila. Shamba la peke yake lenye kisima huingia, hata kituo cha reli jangwani. Deh, yaani kijiji chenyewe, ni jambo jingine: sheria ya 1983 ya mgawanyo wa nchi inataka angalau kaya 20 au watu 100. Kwa hiyo penye watu 38 panaweza kuwa abadi halali pasipofikia kuwa deh. Mtanzania hatapotea katika ngazi zilizobaki: ostan ni mkoa, shahrestan wilaya, bakhsh tarafa, dehestan kata. Zinalingana utadhani zilipangwa ofisi moja.

Kaya huitwa khanevar, watu wanaoishi pamoja na kuchanga matumizi. Sisi tungesema wanaokula chungu kimoja. Mwaka 2006 wastani ulikuwa watu wanne hivi kwa kaya, na sensa ya 2016 ikakuta 3.3. Mwaka huo, kati ya Wairani karibu milioni 80, takribani robo tu ndio walikuwa bado vijijini. Mwaka 1956, sensa ya kwanza ya nchi nzima, wa vijijini walikuwa zaidi ya theluthi mbili.

Waliohama waliacha majina nyuma. Abadi isiyo na mtu haifutwi orodhani. Huandikwa khali az sakaneh, haina wakaazi. (Sakaneh na maskani yetu ni ndugu, mama yao Kiarabu.) Ila usidhani daima ni magofu. Sensa za karibuni zilifanyika mwezi wa Aban, Oktoba kuelekea Novemba, baridi ikianza kuingia. Karani anakuta mlango umefungwa, mwenyewe yuko Mashhad au Tehran. Angepita Machi, wakati wa Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, huenda angekuta samovari inachemka na wajukuu wamejaa uani.