Tetemeko halitabiriki, lakini lenta inafungika

Wiki iliyopita, kwenye mkutano wa kijiji huku Kagera, mzee mmoja alisimama akaniambia: "Mtaalamu, mafuriko yanatabirika, tetemeko halitabiriki. Kwa hiyo tuhangaike na mafuriko, hilo lingine tumwachie Mungu." Watu wakapiga makofi. Kauli hii naisikia tangu tetemeko la 2016, na safari hii naijibu kwa maandishi.

Nusu ya kwanza ni kweli. Hakuna mtu duniani ajuaye siku wala saa ya tetemeko. Ujumbe wa WhatsApp unaosema litapiga saa nane usiku ni uongo, ufute.

Kinachoniudhi ni hiyo "kwa hiyo". Utabiri wa mvua unakuokoa iwapo unajua maji yatapita wapi na una muda wa kuondoka. Mai Mahiu, Kenya, mwishoni mwa Aprili 2024, mvua ilikuwa inanyesha kwa wiki kadhaa na kila mtu anaiona. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba, tuta likaachia usiku, na zaidi ya watu 40 wakafa. Katesh, mkoani Manyara, 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ikaporomoka, tope na mawe vikashukia mji, zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Wengi walidhani volkano imeamka. Haikuwa volkano, ilikuwa miamba dhaifu iliyoshiba maji. Kujua kwamba mvua inakuja si sawa na kujua korongo lipi litaachia.

Sasa turudi Kagera, mjini Bukoba. Jumamosi alasiri, 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9. Lile la Rukwa la 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4, yaani lilitoa nishati zaidi ya mara 100 ya hili letu. Hata hivyo hili "dogo" liliua zaidi ya watu 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Watu huchanganya ukubwa na makali, na hapo ndipo hesabu zote zinapopotea. Ukubwa ni namba moja kwa tetemeko zima. Makali hubadilika mtaa kwa mtaa: aliyejenga juu ya mwamba anaweza kuhisi vyombo vikigongana kabatini, na aliyejenga bondeni, kwenye udongo laini ulioletwa na maji, akaona ukuta ukipasuka. Tazama ni bonde lipi hilo. Ni lile lile linalofurika. Kiwanja cha bei nafuu bondeni kina majanga mawili.

Na ukuta wa matofali unabeba uzito wa kushuka chini miaka hamsini bila shida. Usichokiweza ni kusukumwa pembeni. Kona zinaachana kwanza, kisha ile pembetatu ya ukuta chini ya paa inaangukia nje au ndani, juu ya watu. Niliyoyaona 2016 yalikuwa hayo hayo nyumba baada ya nyumba: kuta nne zilizosimama kama wageni wanne, hakuna lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaozunguka juu ya kuta zote, wa kuzishikanisha.

Jambo ambalo wataalamu tunalisema kwa sauti ndogo ni kwamba kinga ya janga moja inaweza kuwa mtego wa jingine. Ukiinua nyumba juu ya nguzo ili maji yapite chini, umefanya vizuri kwa mafuriko, lakini nguzo zisipofungwa vizuri tetemeko litazivunja magoti. Paa zito halipeperushwi na upepo, ila likishuka linaua. Anayekimbia bonde na kuchimba kiwanja kwenye mteremko mkali amekimbilia maporomoko. Siwezi kukupa nyumba isiyo na adui, wala sitajifanya ninayo.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Ramani zetu za hatari ya tetemeko zinategemea vipimo vya mitambo vya muda wa karne moja na kidogo. Ufa wa Bonde la Ufa unaweza kukaa kimya miaka elfu kadhaa kisha ukaachia. Kwa hiyo eneo linaloonekana tulivu kwenye ramani linaweza kuwa eneo ambalo bado hatujalishuhudia likitikisika. Ndiyo maana simkubali anayelinganisha majanga haya kwa kuhesabu marehemu wa miaka kumi.

Hata hivyo, kijiji kikiniuliza kianze na nini kikiwa na pesa ya jambo moja, nitasema zibueni mtaro. Mvua inarudi kila mwaka. Lakini lenta haigombanii pesa za mtaro. Mtaro unasafishwa kila msimu; lenta inalipiwa mara moja, nyumba inapojengwa.

Baada ya mkutano nilipita kwa yule mzee, anamjengea mwanawe. Nondo za lenta zilikuwa tayari juu ya ukuta, lakini kwenye kila kona zilikatwa: za ukuta huu zinaishia hapa, za ule zinaanzia pale.

"Fundi, mbona hazikushikana?"

"Zege litazishika, bosi."

Zege peke yake ni dhaifu likivutwa. Tulikata nondo za ziada, tukazikunja umbo la L, mkono mmoja ukalala kwenye ukuta huu na wa pili kwenye ule, zikafungwa kwa waya. Mzee mwenyewe alishika koleo kona ya mwisho. Zege lilimwagwa saa kumi jioni.