Mtoto wa mbwa au paka akiugua, usimmiminie

"Mlaze chali kama mtoto mchanga, atameza vizuri." Kati ya yote ninayoyasikia kuhusu kulisha watoto wa mbwa na paka wagonjwa, hili ndilo linalonikera zaidi. Mtoto wa paka hunyonya akiwa kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, miguu ya mbele ikikandakanda tumbo la mama. Ukimlaza chali maziwa huingia njia ya hewa, anapaliwa, na baada ya siku moja au mbili unaweza kumkuta anahema kwa shida kwa sababu mapafu yameathirika. Mweke kifudifudi juu ya kitambaa. Pitisha ncha ya bomba la sindano (bila sindano yenyewe, jamani) pembeni mwa mdomo, dondosha tone, subiri ameze, ndipo udondoshe jingine. Maziwa yakitokea puani, umekwenda kasi. Aliyelegea hadi hamezi asitiwe kitu mdomoni. Huyo mkimbize kwa daktari wa mifugo.

"Amepoa, mpe maziwa ya moto apate nguvu." Sivyo. Katika wiki ya kwanza ya maisha joto lake huwa kama nyuzi 35 hadi 37. Likishuka zaidi, utumbo huacha kusukuma chakula, na maziwa yanabaki tumboni yakichacha. Joto kwanza, chakula baadaye. Mimi hujaza chupa maji ya uvuguvugu, naizungushia kanga kuukuu, naiweka ubavuni mwake, kisha nangoja hata saa nzima. Namtia kidole mdomoni. Nikisikia ubaridi, chakula bado.

"Maziwa ni maziwa." Ya mbwa na paka yana mafuta na protini nyingi kuliko ya ng'ombe, na ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maduka ya dawa za mifugo mjini yakiwa na maziwa ya unga ya watoto wa mbwa au paka, nunua hayo.

"Anatapika na kuhara, asipewe chochote, tumbo lipumzike." Hata madaktari walisema hivyo zamani kuhusu parvo, ugonjwa wa mbwa uliotambuliwa miaka ya 1970. Siku hizi wakishatuliza kutapika huanza kumlisha mapema, kidogo kidogo, maana ukuta wa utumbo hupata lishe kutokana na kile kinachopita ndani yake. Maji ndiyo hayangoji kabisa. Kwa upungufu mdogo wa maji mwilini, ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) ile ile ya binadamu inafaa, ichanganywe kwa kipimo cha kwenye pakiti, kisha umpe kidogo kila baada ya dakika chache. Akitapika kila anachopewa, anahitaji dripu.

"Bana ngozi ya shingo, utajua kama amekaukiwa." Kwa mtoto mchanga wa mbwa au paka kipimo hicho hudanganya. Gusa fizi: zikinata kidoleni, maji yamepungua. Tazama na mkojo. Wa mtoto mchanga mwenye maji ya kutosha hukaribia kutokuwa na rangi; ukiwa wa njano iliyokolea, ana kiu.

Na Panadol ya kushusha homa? Kidonge kimoja chaweza kumuua paka mzima, sembuse mtoto. Supu nayo isiwe na kitunguu wala saumu, huharibu chembe nyekundu za damu yao.