Kantha: anza kuitazama mgongoni

Watu wanaoniletea kantha, yaani tandiko la tabaka za nguo lililoshonwa picha kwa sindano, niwatazamie hukimbilia kunionyesha picha: yungiyungi katikati, miti minne kwenye pembe, tembo, samaki, farasi. Mimi huigeuza kwanza nione mgongo wake. Uzuri wa kazi hii ya wanawake wa Bengal, upande wa Bangladesh na wa India, umo kwenye mshono, nao ni bandi ile ile anayoipiga kila fundi cherehani.

Kantha ya asili hutokana na nguo kuukuu. Sari na dhoti, vitambaa wanavyojifunga wanaume kiunoni, zilizofuliwa miaka mingi hadi pamba ikalainika hutandazwa chini tabaka kwa tabaka, zilizochakaa zaidi zikifichwa katikati. Mikunjo hunyooshwa kwa mkono, kisha tabaka hushikizwa kwa bandi ndefu ndefu. Hata uzi ulichomolewa kwenye pindo za sari hizo hizo, ndiyo maana za zamani zimejaa nyekundu, buluu na nyeusi.

Picha zikishajazwa, unabaki uwanja mweupe. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mshonaji hulizunguka umbo la samaki kwa uzi mweupe, kisha mstari mwingine nje yake, na mwingine tena, bandi ndogo ndogo zilizobanana, mpaka mistari ikutane na ile inayotoka kwenye ua lililo kando yake. Uzi ukivutwa kidogo, kitambaa hufanya viwimbi unavyovihisi kwa ncha ya kidole. Ukivutwa mno, nguo nzima inajikunyata.

Gurusaday Dutt, afisa wa serikali enzi za Waingereza, alizikusanya kantha vijijini, na mkusanyo wake ukawekwa makumbusho ya Joka, Kolkata. Imo ya mshonaji aitwaye Manadasundari, aliyomshonea baba yake na kuandika maneno yake kwa sindano. Ile naipenda kuliko zote.

Nyingi zinazouzwa leo ni sari mpya za hariri, tabaka moja, uzi wa dukani. Naziheshimu, maana zinawaingizia kipato wanawake wa Birbhum, Jessore na Jamalpur. Lakini huo ni utarizi kwa mshono wa kantha tu; ule ulaini wa nguo iliyovaliwa haumo.

Ukitaka kununua, pindua. Bandi za mashine zina urefu mmoja na mistari iliyonyooka kupita kiasi. Ya mkono, ya ukubwa wa kitanda, iliyojazwa yote, huchukua miezi. Ikiuzwa bei ya shuka la kawaida, aliyeshona hakulipwa.