Kiolesura chenye kinga ya makosa: maana yake na kinavyofanya kazi

Kiolesura ni ile sehemu ya programu ambayo mtu anaiona na kuigusa: vitufe, visanduku vya kujazia, orodha za kuchagua, maandishi yanayomweleza kinachoendelea. Kiolesura chenye kinga ya makosa ni kile kilichosanifiwa kwa kukubali tangu mwanzo kwamba anayekitumia atakosea, hata awe hodari kiasi gani, na kwamba kosa dogo la mkono lisizae hasara kubwa.

Mchukulie karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huko Tandahimba mkoani Mtwara, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Wakulima wako foleni ghalani, magunia yanapanda mizani, naye anaingiza kilo kwenye mfumo. Mzee ana kilo 412, kidole kinagonga 2 mara mbili, mfumo unaandika 4122. Karani anajua kusoma mizani na anaijua kazi yake. Semina haiwezi kukifundisha kidole kilichochoka saa kumi jioni.

Donald Norman, mtaalamu wa saikolojia na usanifu kutoka Marekani, hutenganisha makosa ya aina mbili. Kuna kuteleza, pale mtu anapojua la kufanya ila mkono ukafanya jingine, na kuna kuelewa vibaya, pale anapofanya kwa usahihi kabisa jambo ambalo si lenyewe. Kuteleza huwapata sana wazoefu, kwa sababu mkono wao hauingoji tena akili. Ndiyo maana naona ni dhuluma kumkata karani mshahara kwa kosa ambalo mfumo ungeweza kulizuia.

Hili lilionekana mapema kwenye ndege kuliko kwenye kompyuta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakiwa ardhini wanakunja magurudumu badala ya kurudisha vibapa, vile vipande vya nyuma ya mbawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Ikaitwa kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza, alikuta swichi za kazi hizo mbili zinafanana na zimekaa jirani. Dawa yake ilikuwa kuzitofautisha kwa kushika: ya magurudumu ikawa na umbo la gurudumu, ya vibapa ikawa na umbo la kabari.

Kinga iliyo bora, basi, ni kulifanya kosa lisiwezekane. Kwa karani wetu, kisanduku cha kilo kisipokee herufi. Mfumo ukiwa umeshaambiwa magunia ni sita, ukatae kilo 4,122 papo hapo, ukieleza ni kisanduku kipi na kwa nini. Jina la mkulima lichaguliwe kwenye orodha, lakini orodha ionyeshe pia kijiji na namba ya usajili, maana akina Mohamedi Saidi wako wengi, na kumchagua asiye mwenyewe ni rahisi kuliko kukosea herufi.

Namba zenyewe zinaweza kubeba kinga. Namba ya kadi ya benki huishia na tarakimu inayokokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyepewa hataza yake (haki ya mvumbuzi) mwaka 1960. Ukikosea tarakimu moja, hesabu inagoma. Namba ya simu haina tarakimu ya namna hiyo. Ukikosea moja unaweza kuangukia kwa mtu mwingine kabisa aliye hai na laini yake, na hiyo ndiyo sababu huduma nyingi za pesa kwa simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka. Lisome jina hilo.

Wasanifu wengi huishia kwenye swali la “Una uhakika?”, na hapo ndipo sikubaliani nao. Likiulizwa kila mara, mtu hulijibu “Ndiyo” bila kulisoma. Desemba 2005, jijini Tokyo, mfanyakazi wa kampuni ya Mizuho Securities alikusudia kuuza hisa 1 kwa yeni 610,000. Akaingiza hisa 610,000 kwa yeni 1. Onyo lilitokea kwenye skrini, likapitwa. Walipojaribu kulifuta agizo, mfumo wa soko la hisa haukulifuta. Hasara ilifika takribani yeni bilioni 40.

Kinachosaidia kuliko swali ni nafasi ya kurudi nyuma. Huduma ya barua pepe ya Gmail hukuwezesha kutendua, yaani kurudisha, barua uliyokwisha kuituma, ndani ya sekunde 5 hadi 30 kadiri ulivyochagua, kwa sababu kwa muda huo huwa bado haijaondoka. Ghalani ingefaa vivyo hivyo: rekodi ibaki wazi mpaka mkulima asomewe kilo zake na kukubali, ndipo ifungwe na stakabadhi itoke.

Ila kwenye mizani ya korosho kutendua kuna hatari yake. Anayeweza kusahihisha 4122 iwe 412 anaweza pia kugeuza 412 iwe 312. Kwa hiyo marekebisho yasifute kilichokuwepo. Kilo za awali zibaki zinaonekana, pembeni yake kilo mpya, saa, na jina la aliyebadilisha, na mkulima akihitaji aweze kuoneshwa.